Nguruwe, tai na mbweha wa kisiwa cha Santa Cruz



Sisi wa Pemba tumekua tukiambiwa na wazee kwamba nguruwe wanaochimba mihogo yetu usiku ni masazo ya Wareno. Nikidhani khabari hizo ni za kwetu tu, hadi nilipohamia California nikakuta kisiwa chengine chenye kisa kama hicho, ila chao kimeandikwa mpaka mwisho wake.

Santa Cruz ina kilomita za mraba kama 250, nje ya pwani ya Ventura. Nguruwe wa kufugwa walifika huko miaka ya 1850, wakaingia mwituni. Wenyeji wake ni mbweha wadogo, kilo mbili hivi, aina isiyopatikana kisiwa chengine chochote. Wakaishi pamoja zaidi ya miaka 100.

Balaa lilitoka juu. Tai mwenye kichwa cheupe, mla samaki, alikuwa akiwafukuza tai wengine. Sumu ya DDT iliyoingia baharini ikammaliza, na miaka ya 1990 akahamia tai wa dhahabu kutoka bara. Huyu alikuta vitoto vya nguruwe mwaka mzima, akaweka makao. Mbweha, aliyezoea kutembea mchana bila ya kutazama juu, akawa kitoweo cha pembeni. Walikuwa kiasi ya 1,500. Wakashuka chini ya 100.

Utasema basi, waueni nguruwe. La! Mwaka 2003 wataalamu walionya: ukiondoa nguruwe kwanza, tai mwenye njaa atawamaliza mbweha waliobaki. Tai wa dhahabu zaidi ya 40 walikamatwa wazima, wakarudishwa bara. Mbweha wakazalishwa vizimbani, na tai wa kichwa cheupe wakarejeshwa kuanzia 2002. Ndipo 2005 na 2006 wawindaji kutoka New Zealand wakakigawa kisiwa kwa nyua mafungu matano, wakaua nguruwe 5,036. Kuna waliokwenda mahakamani kuzuia, hawakufua dafu.

Mimi sisherehekei. Nguruwe hawakujileta. Na hilo neno "mvamizi", kwa mtu aliyepanga foleni za uhamiaji kama mimi, haliingii vizuri masikioni. Lakini ningeulizwa, ningekubali: nguruwe wamejaa dunia nzima, mbweha yule hana kwengine.

Mwaka 2016 aliondolewa katika orodha ya wanyama walio hatarini. Nilipokwenda na wanafunzi wangu, mmoja alitujia mchana kweupe, akatia pua mkobani, akaondoka na mkate wangu.