Tanzania: Mabadiliko ya Baraza la Mawaziri katika Awamu ya Nne, 2005–2015

Jakaya Mrisho Kikwete aliapishwa kuwa Rais wa nne wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania tarehe 21 Desemba 2005, na alimaliza kipindi chake cha pili Novemba 2015. Katika miaka hiyo kumi nchi ilikuwa na Mawaziri Wakuu wawili, Mawaziri wa Fedha wanne na Mawaziri wa Nishati na Madini watano. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa ya kawaida, lakini makubwa zaidi yalitanguliwa na taarifa zilizosomwa bungeni Dodoma: Februari 2008, Mei 2012, Desemba 2013 na Januari 2015.

Katiba inasemaje

Kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 1977, Rais humteua Waziri Mkuu miongoni mwa wabunge wa majimbo, na uteuzi huo huthibitishwa kwa kura za wabunge walio wengi. Mawaziri na naibu mawaziri huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Waziri Mkuu. Wote sharti wawe wabunge, ingawa Rais ana nafasi kumi za kuteua wabunge na anaweza kuzitumia kumwingiza serikalini mtu asiye na jimbo. Naibu mawaziri si wajumbe wa Baraza la Mawaziri.

Bunge haliwezi kumwondoa waziri mmojammoja. Uwezo huo ni wa Rais peke yake. Linachoweza ni kupiga kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, hoja ambayo lazima iungwe mkono kwa saini za wabunge wasiopungua asilimia 20. Kwa kuwa nafasi ya Waziri Mkuu ikiwa wazi mawaziri wote nao hukoma kuwa mawaziri, tishio la kura hiyo huligusa Baraza zima.

Baraza la kwanza na kashfa ya Richmond

Baraza lililotangazwa Januari 2006 chini ya Waziri Mkuu Edward Lowassa lilikuwa na mawaziri na naibu wao 60, na lililaumiwa kwa ukubwa wake. Oktoba mwaka huohuo Rais aliwahamisha mawaziri kadhaa bila kuwaacha nje. Ibrahim Msabaha aliondolewa Nishati na Madini akapelekwa Ushirikiano wa Afrika Mashariki, na nafasi yake ikachukuliwa na Nazir Karamagi. Januari 2007 Bernard Membe akawa Waziri wa Mambo ya Nje, baada ya Asha-Rose Migiro kuteuliwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa.

Mwaka 2006 ukame ulipunguza maji katika mabwawa ya umeme, na nchi ikaingia katika mgawo mkali. Serikali iliipa kampuni ya Richmond mkataba wa kuzalisha megawati 100 za dharura, lakini kampuni hiyo ilishindwa kutimiza wajibu wake. Kamati Teule ya Bunge iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe iliwasilisha taarifa yake tarehe 6 Februari 2008. Siku iliyofuata Lowassa alitangaza kujiuzulu, huku akilalamika kwamba kamati haikumpa nafasi ya kusikilizwa. Karamagi na Msabaha nao walijiuzulu, na Baraza lote likavunjika.

Mizengo Pinda aliapishwa kuwa Waziri Mkuu tarehe 9 Februari. Serikali mpya ilipunguzwa hadi mawaziri na naibu wao 47. Zakia Meghji aliiacha Wizara ya Fedha kwa Mustafa Mkulo, na William Ngeleja akakabidhiwa Nishati na Madini. Aprili mwaka huo Andrew Chenge, Waziri wa Miundombinu, alijiuzulu baada ya kufahamika kuwa alikuwa na takriban dola milioni moja katika akaunti kisiwani Jersey. Neno alilolitumia kuzitaja fedha hizo, “vijisenti”, likabaki vinywani mwa watu.

Mei 2012: ripoti ya ukaguzi

Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2010, Pinda aliteuliwa tena na serikali ikawa na mawaziri 29 na naibu 21. Aprili 2012 ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali na taarifa za kamati za Bunge zilizua mjadala mkali kuhusu matumizi ya fedha za umma. Mbunge wa upinzani, Zitto Kabwe, alianza kukusanya saini za kutokuwa na imani na Pinda, na baadhi ya wabunge wa chama tawala, CCM, wakatia saini.

Hoja hiyo haikufika kwenye kura, lakini tarehe 4 Mei Rais aliwaacha mawaziri sita: Mkulo wa Fedha, Ngeleja wa Nishati na Madini, Ezekiel Maige wa Maliasili na Utalii, Cyril Chami wa Viwanda na Biashara, Omari Nundu wa Uchukuzi na Haji Mponda wa Afya. William Mgimwa alipewa Fedha. Profesa Sospeter Muhongo, aliyeingia kwa ubunge wa kuteuliwa, alipewa Nishati na Madini.

Desemba 2013: Operesheni Tokomeza

Operesheni Tokomeza ilianzishwa Oktoba 2013 dhidi ya ujangili wa tembo, ikivihusisha vyombo kadhaa vya ulinzi na usalama. Wananchi walilalamikia mauaji, mateso, ubakaji na kuporwa mifugo, na operesheni ikasitishwa. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na James Lembeli, mbunge wa CCM, ilichunguza na kuthibitisha ukiukwaji mkubwa wa haki za binadamu.

Tarehe 20 Desemba, Khamis Kagasheki wa Maliasili na Utalii alitangaza bungeni kujiuzulu. Pinda akaliarifu Bunge kwamba Rais ameridhia pia kutengua uteuzi wa Emmanuel Nchimbi wa Mambo ya Ndani, Shamsi Vuai Nahodha wa Ulinzi na David Mathayo David wa Mifugo. Mgimwa alifariki dunia tarehe 1 Januari 2014, na mwezi huohuo Saada Mkuya Salum akawa Waziri wa Fedha.

Escrow na mabadiliko ya mwisho

Novemba 2014 Kamati ya Hesabu za Serikali, chini ya Zitto Kabwe, ilitoa taarifa kuhusu mabilioni ya shilingi yaliyochotwa katika akaunti ya Tegeta Escrow iliyokuwa Benki Kuu. Akaunti hiyo ilitokana na mgogoro wa malipo kati ya shirika la umeme, TANESCO, na kampuni ya IPTL. Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Frederick Werema, alijiuzulu katikati ya Desemba. Siku chache baadaye Rais alitengua uteuzi wa Anna Tibaijuka, Waziri wa Ardhi, aliyepokea shilingi bilioni 1.6 alizosema ni mchango wa shule. Muhongo alijiuzulu Januari 2015 akikana kutenda kosa, na George Simbachawene akashika wizara yake.

Maana yake kwa majirani, na yaliyofuata

Wizara ya Ushirikiano wa Afrika Mashariki, iliyokuwa ikiziunganisha nchi jirani na serikali ya Tanzania, ilishikwa na watu watano katika kipindi hicho: Chenge, Msabaha, Diodorus Kamala, Samuel Sitta na Mwakyembe. Aliyezungumza na waziri mmoja mwaka huu hakuwa na hakika ya kumkuta mwaka unaofuata.

Kuondoka serikalini hakukuwa mwisho wa siasa. Lowassa aligombea urais mwaka 2015 kwa tiketi ya CHADEMA na kupata karibu asilimia 40 ya kura. Muhongo alirudishwa Nishati na Madini na Rais John Magufuli Desemba 2015, akaondolewa tena Mei 2017. Nchimbi akawa Katibu Mkuu wa CCM Januari 2024. Kamati za Bunge ziliweza kumlazimisha waziri aachie ofisi. Kurejesha fedha zilizopotea, au kuwafidia waliopigwa na kuporwa mifugo, kulihitaji hatua nyingine ambazo kubadilisha majina barazani peke yake kusingeweza kuzileta.