Kadi Ishirini za Weimar

Ndugu zangu, katika makabati ya nyumba zetu, Maskati hadi London, zimo postikadi tulizorithi: mbele bandari ya Unguja au Beit al-Ajaib, nyuma maneno machache ya kujuliana hali. Hivi karibuni limetolewa shauri kwamba zote zikusanywe na kuwekwa kwa mtu mmoja. Kabla ya kuliafiki, napenda nieleze kisa cha kadi nyingine.

Mwaka 1923 skuli ya sanaa ya Bauhaus, mjini Weimar, Ujerumani, ilitayarisha maonyesho makubwa. Ili kuyatangaza, walimu na wanafunzi walibuni kadi 20, zikachapwa kwa lithografia. Nyingi zilikuwa sanaa dhahania. Wassily Kandinsky alipanga mistari na maumbo yasiyowakilisha kitu chochote kinachoonekana kwa macho. Paul Klee alitoa mbili: moja aliiita Upande Mtukufu, ya pili Upande wa Furaha. Michoro iliyokuwa migeni kwa wengi ikabandikwa stempu na kufikishwa majumbani na tarishi wa posta.

Miaka 10 baadaye skuli hiyo ilifungwa kwa shinikizo la Wanazi. Kandinsky akahamia Ufaransa, Klee akarejea Uswisi, Lyonel Feininger na László Moholy-Nagy wakaishia Marekani. Mwaka 1937 serikali ilinyang'anya makumbusho ya Ujerumani maelfu ya kazi za sanaa, zikiwemo za Kandinsky, Klee na Feininger. Jumba la makumbusho lina milango, na mwenye kuishika milango huvishika na vilivyomo. Kadi zile zilikuwa zimekwisha kutawanyika mikononi mwa watu, na hadi leo seti kamili zingalipo.

Sisi tunalijua jambo hili. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, wengi wa wazee wetu waliondoka na walichoweza kukibeba. Picha nyingi tulizonazo leo zilisalimika kwa kuwa zilikwisha kupelekwa kwa jamaa wa ng'ambo. Tumezoea kukulilia kutawanyika kwetu, nako ndiko kulikotuhifadhia kumbukumbu.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba kila kadi ibaki kwa mwenyewe, inakiliwe pande zote mbili, kwani majina na tarehe viko nyuma, na nakala zikae katika kila nyumba ya ukoo.