Green card ya mwenza: Jinsi ya kuilinda mkiishi nje ya Marekani

Chukulia mfano wa mwanamke wa Mwanza aliyeolewa na Mmarekani. Amepata green card, wameishi Ohio miaka mitatu, kisha mume anapata kazi Dar es Salaam. Wanafungasha na kurudi Bongo. Kadi iko kwenye pochi, na tarehe ya mwisho iliyochapwa juu yake bado iko mbali, miaka saba mbele.

Hapo wengi hupumua. Kadi ni nzima, mume ni raia, shida iko wapi?

Shida ipo, na mara nyingi hujulikana uwanja wa ndege, siku ya kurudi.

Tarehe iliyoandikwa kwenye green card inahusu kadi yenyewe, kama ilivyo tarehe ya kitambulisho chochote. Haki ya ukaazi wa kudumu ni kitu kingine. Inasimama pale tu ambapo mwenye kadi bado ana makazi yake Marekani, na huko nje yupo kwa muda tu. Akihamia nje moja kwa moja, anaweza kuhesabiwa kuwa ameuacha ukaazi wake, hata kama kadi haijaisha.

Na ndoa? Ndoa na raia ndiyo iliyomfungulia mlango wa kupata kadi. Haimpi ruhusa ya kuishi nje anavyotaka. Hapa ndipo familia nyingi hujidanganya.

Siku 180, na mwaka mmoja

Safari isiyozidi siku 180 kwa kawaida haileti maneno mengi. Mwenye kadi hupokelewa kama mkaazi anayerejea nyumbani.

Zikipita siku 180 mfululizo, sheria inamruhusu afisa wa mpakani kumchukulia kama mtu anayeomba kuingia upya. Maswali yanaongezeka: ulikuwa wapi, unafanya kazi gani, nyumba yako iko wapi?

Ukipita mwaka mzima, green card peke yake haikubaliki tena kama hati ya kurudia. Shirika la ndege linaweza hata kukataa kumpandisha.

Kutokana na hesabu hizo ndiko ulikotoka ule ushauri maarufu wa mitaani: "Ingia Marekani kila baada ya miezi mitano, kaa wiki mbili, geuka." Unasikika vizuri lakini hauna kinga. Kinachopimwa ni maisha yote ya mtu kwa ujumla, na mihuri kwenye pasipoti ni sehemu ndogo tu.

Kuna uamuzi wa mwaka 1988 wa Bodi ya Rufaa za Uhamiaji ya Marekani unaogusa wenza moja kwa moja. Mke mwenye ukaazi wa kudumu alimfuata mumewe Japani, ambako mume alikuwa na kazi chuo kikuu. Alikuwa akirudi Marekani kwa ziara fupi fupi. Bodi iliona kwamba hakuwa tena mtu aliye nje kwa muda, kwa sababu maisha yao yalikuwa Japani na haikujulikana yangeisha lini. Ziara hazikumwokoa.

Neno la kushika hapo ni "lini". Mkataba wa kazi wa mume wenye mwanzo na mwisho unaoeleweka ni ushahidi mzuri kuliko tiketi kumi za ndege. "Tutarudi mambo yakikaa sawa" haina uzito huo.

Vingine vinavyoangaliwa ni vya kawaida kabisa: nyumba au pango linaloendelea, akaunti ya benki inayotumika, leseni ya udereva ya jimbo, mali iliyoachwa, ndugu wa karibu waliobaki huko.

Halafu kodi. Mkaazi wa kudumu anatakiwa kuwasilisha ritani ya kodi Marekani hata kama mshahara wake unalipwa kwa shilingi Dar es Salaam. Kuna wanaojaza fomu ya "asiye mkaazi" ili kupunguza makato. Kufanya hivyo ni sawa na kuiandikia serikali kwa mkono wako kwamba huishi tena kule.

Kibali cha kuingia tena

Kwa anayejua atakaa nje zaidi ya mwaka, hati ya kuomba ni kibali cha kuingia tena. Huombwa kwa fomu I-131 kwa idara ya uhamiaji, USCIS, na kikitoka kinadumu hadi miaka miwili.

Sharti linalowaangusha watu ni moja: mwombaji lazima awe ndani ya Marekani siku anayowasilisha ombi. Ukishakuwa Dar au Nairobi, umechelewa, labda urudi kwanza. Baada ya kuwasilisha kuna kuitwa kuchukuliwa alama za vidole, na hilo nalo hufanyika huko huko. Ndiyo maana ni busara kuanza mapema na kumaliza alama za vidole kabla ya kupanda ndege. Kibali chenyewe kikiwa tayari kinaweza kutumwa ubalozini na mtu akakichukulia huko.

Hakiongezwi muda. Kikiisha, unarudi Marekani na kuomba kingine. Aliyekaa nje zaidi ya miaka minne kati ya mitano iliyopita kwa kawaida hupewa cha mwaka mmoja tu.

Kibali hiki kinaondoa tatizo la kukaa zaidi ya mwaka, lakini si hakikisho kamili. Afisa bado anaweza kuuliza kama mwenye kibali kweli ana nia ya kurudi.

Wenye kadi ya miaka miwili

Ndoa ikiwa haijafika miaka miwili siku mwenza anapopewa ukaazi, kadi yake huwa ya masharti na ya miaka miwili tu. Ndani ya siku 90 za mwisho kabla haijaisha, wanandoa wanatakiwa kuwasilisha fomu I-751 kuondoa masharti hayo. Kuwa nje hakusimamishi saa. Na wakiitwa kwa alama za vidole au usaili, wanatakiwa kwenda.

Kwa hiyo anayehamia nje na kadi ya namna hii ana mambo mawili ya kufuatilia kwa pamoja, muda wa kukaa nje na tarehe ya I-751. La pili ndilo husahaulika.

Mume akiwa jeshini au serikalini

Wenza wa wanajeshi wa Marekani, na wa watumishi wa kiraia wa serikali hiyo waliopelekwa nje kikazi, wana unafuu. Mwenza aliyeishi nje kwa sababu ya amri hiyo ya kazi anaweza kurudi na green card yake hata baada ya mwaka, ilimradi anarudi pamoja na mtumishi huyo, anamtangulia, au anamfuata ndani ya miezi minne. Wengine hawamo, hata kama mume analipwa vizuri namna gani.

Njia ya uraia

Kwa kawaida mwenza wa raia huomba uraia baada ya miaka mitatu ya ukaazi mfululizo. Kukaa nje zaidi ya miezi sita kunaleta mashaka kwenye hesabu hiyo, na mwaka mzima unaikata. Kibali cha kuingia tena hakisaidii hapa.

Ila kuna kifungu ambacho wengi hawakijui, 319(b). Kinamhusu mwenza wa raia aliyepelekwa nje kikazi na serikali ya Marekani, kampuni ya Kimarekani ya biashara ya nje, taasisi ya utafiti inayotambuliwa, shirika la kimataifa ambalo Marekani ni mwanachama kwa mkataba, au kanisa kama mmisionari. Mwenza huyo hahitaji kusubiri miaka mitatu. Anatakiwa kuwa na green card, kuwa Marekani siku ya usaili na kiapo, na kueleza kwamba atarudi kuishi huko kazi ya mwenzake ikiisha. Ajira ya kampuni ya hapa hapa nyumbani haihesabiki.

Kwa Mkenya uamuzi ni mwepesi, maana Katiba ya 2010 inaruhusu uraia pacha. Kwa Mtanzania mtu mzima ni ishu nzito: akila kiapo cha Marekani, anapoteza uraia wa Tanzania. Ndiyo maana wapo wanaoamua kubaki na kadi na kubeba usumbufu wake wote.

Umeshachelewa?

Aliyepitisha mwaka nje bila kibali anaweza kuomba ubalozini viza ya mkaazi anayerejea, SB-1, kwa kuanza na fomu DS-117. Lazima athibitishe kwamba aliondoka akiwa na nia ya kurudi, na kwamba kilichomchelewesha hakikuwa mikononi mwake, kwa mfano ugonjwa. "Mume aliongezewa mkataba" ni hoja ngumu kuuza.

Akifika mpakani na afisa akaona ameacha ukaazi, anaweza kuombwa asaini fomu I-407 ya kuachia kadi kwa hiari. Kwa hiari maana yake ni hiyo hiyo. Ana haki ya kukataa na kuomba jaji wa uhamiaji aamue, na mbele ya jaji ni serikali inayobeba mzigo wa kuthibitisha kwamba ukaazi uliachwa. Wengi husaini kwa uchovu wa safari bila kusoma.

Green card ikipotea kabisa, raia anaweza kumwombea mwenzake upya kwa fomu I-130. Wenza wa raia hawana foleni ya idadi ya viza, lakini ada, vipimo vya afya, uthibitisho wa kipato na usaili vinaanza moja.