Elisabethville ya Wapelelezi

Septemba 1942 afisa wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, aliingia ofisini kwa Edgar Sengier mjini New York, akamuuliza kama kampuni yake ya madini ya Katanga, Union Minière, ingeweza kuipatia Marekani urani. Sengier hakuwa na haja ya kufikiri. Tangu 1940 zaidi ya tani 1,000 za mawe ya mgodi wa Shinkolobwe zilikuwa zimelala ghalani Staten Island, ng'ambo ya bandari ya mji huohuo. Alikuwa amezihamisha mwenyewe, kimyakimya, kwa kuwahofia Wajerumani. Makubaliano yaliandikwa palepale, kwenye karatasi ya kawaida.

Shinkolobwe iko jirani na Likasi, na mtu wa Lubumbashi anaifikiria kama nyumbani. Mawe yake yalishinda kwa utajiri wa urani migodi yote iliyojulikana wakati ule, na ndiyo yaliyotoa sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoteketeza Hiroshima. Ili kuyalinda, idara ya ujasusi ya Marekani ya wakati wa vita, OSS, ilituma watu Kongo. Mmoja wao, Wilbur Hogue, aliingia Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1943 kwa kisingizio cha kufuatilia magendo ya almasi. Wenyeji waliochimba na kupakia mawe hayo hawakuambiwa yanakwenda wapi wala yatafanya nini, na habari nzima ya wapelelezi wale haikupata kitabu cha kuieleza kwa kina mpaka Susan Williams alipotoa Spies in the Congo mwaka 2016. Wakati huo miaka zaidi ya 70 ilikuwa imepita.

Nimeanza na Shinkolobwe kwa sababu mara nyingi husemwa kwamba watu hupenda riwaya za kijasusi kwa ajili ya hatari, miji ya mbali, magari ya kasi na wanawake wazuri. Huenda ni kweli kwa msomaji wa Brussels au London, ambaye maisha yake yana utulivu wa kutosha kuutamani msukosuko wa wengine. Msomaji wa Lubumbashi anatafuta kitu kingine. Mji wake umekuwa uwanja wa kazi hiyo kwa muda mrefu, na kilichomkosesha usingizi ni kutojua: nani alitoa amri, nani alilipwa, nani alikuwa ndani ya gari. Riwaya ya kijasusi humwahidi kwamba ukurasa wa mwisho utakapofika, atajua. Historia haijawahi kumpa ahadi ya namna hiyo.

Chukua jimbo la Katanga chini ya kiongozi wake, Moïse Tshombe. Tarehe 11 Julai 1960 alitangaza kujitenga, siku 11 tu baada ya uhuru wa Kongo, na Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ikajaa maafisa wa Ubelgiji, wanahabari, wanadiplomasia, wafanyabiashara wa silaha na mamluki walioitwa kwa Kifaransa les affreux, yaani watu wa kutisha. Wakati huohuo, huko Léopoldville, mkuu wa kituo cha CIA, Larry Devlin, alipokea mgeni kutoka Marekani aliyejitambulisha kama Joe kutoka Paris. Mgeni huyo alikuwa Sidney Gottlieb, mkemia wa CIA, na mzigo wake ulikuwa sumu ya kumuua Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo. Ulimwengu uliyajua mengi ya haya mwaka 1975, kamati ya Seneti ya Marekani ilipochunguza njama za CIA. Devlin mwenyewe aliandika kumbukumbu zake mwaka 2007, akasema sumu ile hakuitumia.

Lumumba hakufa kwa sumu. Tarehe 17 Januari 1961 alishushwa uwanja wa ndege wa Luano pamoja na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito, wakapelekwa kwenye nyumba ya Brouwez, wakapigwa, na usiku uleule wakauawa kwa risasi porini, mbele ya mawaziri wa Katanga na maafisa wa Kibelgiji. Kisha serikali ya Katanga ikatunga hadithi. Tarehe 13 Februari waziri wa mambo ya ndani, Godefroid Munongo, aliwaambia wanahabari kwamba wafungwa walitoboa ukuta, wakawazidi nguvu walinzi, wakatoroka kwa gari, kisha wakauawa na wanakijiji ambao kijiji chao hakingetajwa.

Hiyo naihesabu kuwa riwaya ya kwanza ya kijasusi ya Katanga, na mtunzi wake ni dola. Ina tundu ukutani, ina gari, ina mahali pasipo jina. Wachache sana waliiamini, kwa kuwa ilikosa kile ambacho hata mtunzi wa kawaida hukijua: sababu ya kila mtu kufanya alichofanya. Maelezo ya kweli yalikuja kwa mafungu. Mwaka 1999 mtafiti wa Kibelgiji Ludo De Witte alitoa kitabu chake juu ya mauaji hayo, 2001 kamati ya bunge la Ubelgiji ikakiri dhima ya kimaadili, na Juni 2022 jino la Lumumba, ambalo afisa wa polisi wa Kibelgiji alilichukua alipokuwa akiiharibu miili, likarudishwa kwa familia.

Mwaka huohuo wa 1961 ulizaa fumbo la pili. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba ndege ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilianguka karibu na Ndola, upande wa pili wa mpaka wetu, akiwa njiani kuzungumza na Tshombe ili mapigano ya Katanga yasimame. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulimkabidhi uchunguzi wa ajali hiyo mtu wa kwetu Afrika Mashariki, Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania. Katika ripoti zake amesisitiza kwamba nchi kadhaa, zikiwemo Marekani, Uingereza na Afrika Kusini, zinapaswa kufungua zaidi nyaraka za idara zao za siri.

Waandishi wa nje hawakungoja nyaraka. Jean Lartéguy, mwanajeshi wa Ufaransa aliyegeuka mwanahabari, alitoa Les Chimères noires mwaka 1963, mwaka ambao Katanga ya Tshombe ilikwisha. Wilbur Smith, mzaliwa wa Rhodesia ya Kaskazini, alifuata mwaka 1965 na The Dark of the Sun, ambamo treni ya mamluki inaondoka Elisabethville kwenda kuokoa watu, na almasi nayo imo; filamu yake ya 1968 ilipigwa Jamaica. Huko Ufaransa, Gérard de Villiers alikuwa akitoa riwaya zake za SAS mfululizo tangu 1965, na mwaka 1978, mwaka wa vita vya Kolwezi, akachapisha Panique au Zaïre. Vitabu vya aina hii vilisomwa mjini kwetu kwa Kifaransa, vikipita mkono hadi mkono mpaka majalada yanachanika.

Sivibezi. Lartéguy aliwafahamu maafisa waliotoka Indochina na Algeria wakiwa na uchungu wa kushindwa, na alieleza vizuri jinsi uchungu huo ulivyotafuta nchi nyingine ya kuuponya. Smith anajua kuendesha mwendo wa kisa. Ila ukivisoma hapa unaona nani hayupo. Mitaa yetu haimo: Kamalondo haipo, Katuba haipo, Kenya haipo. Mwafrika ni dereva, mlinzi, askari aliyelewa, au maiti kando ya reli. Siri ni mali ya wageni, na mashujaa wanaoifukuza ni wageni pia.

Mwaka uleule Smith alipotoa kitabu chake, kulitoka Elisabethville maandishi mengine, kwa Kiswahili cha mji, yakipita katika kurasa zilizopigwa chapa bila mchapishaji wa kimataifa. Ni Vocabulaire ya André Yav, ya 1965, historia ya mji iliyokusanywa na maboyi wa zamani, watumishi wa nyumba za wazungu. Watu hao walisimama nyuma ya viti wakati mabwana wakila. Walipika, walifua, walifungua mlango, walijua nani alikuja usiku na nani hakurudi. Profesa Johannes Fabian aliyahifadhi na kuyachapisha maandishi hayo mwaka 1990. Si riwaya ya kijasusi, na Yav hakukusudia hivyo. Lakini nani katika Elisabethville nzima alikuwa mahali pazuri zaidi pa kusikia? Hakuna mtunzi wa visa vya Katanga, kati ya hao niliowataja, aliyempa mtumishi wa nyumbani nafasi ya kuwa mwenye macho.

Dar es Salaam ilichukua njia nyingine. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake pale tangu 1963, na mji ukajaa wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Rhodesia na Afrika Kusini. Kutoka katika mazingira hayo mwandishi Aristablus Elvis Musiba alimtoa mpelelezi wake, Willy Gamba. Katika Kufa na Kupona, ya 1974, Willy anaifuata hadi Nairobi mali ya siri ya harakati hizo. Katika Kikosi cha Kisasi, ya 1979, anakuja Kinshasa, akishirikiana na wapelelezi wa nchi nyingine za Afrika, kuwasaka wauaji wa viongozi wa ukombozi. Willy anapenda suti, anapenda vinywaji, na wanawake wanampenda. Mtu aliyesoma James Bond wa Ian Fleming atamtambua mara moja. Tofauti kubwa iko katika anachokipigania. Bwana wake si malkia wa mbali, na adui yake, Kaburu, alikuwa adui wa kweli wa wasomaji wake.

Kwamba Musiba alichagua Kinshasa kuwa pango la adui ni jambo linalostahili kutazamwa. Mwaka 1975 CIA ilikuwa imeupitishia Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, msaada wake kwa chama cha FNLA katika vita vya Angola, na aliyeisimamia kazi hiyo, John Stockwell, baadaye aliacha idara na kuifichua yote katika In Search of Enemies mwaka 1978. Stockwell huyo aliwahi kuwa mkuu wa kituo cha CIA hapa Lubumbashi mwishoni mwa miaka ya 1960, na kitabuni anadai kwamba afisa mwenzake alimsimulia jinsi alivyozunguka mjini na maiti ya Lumumba ndani ya buti ya gari. Simulizi hilo halilingani na yale ambayo uchunguzi wa baadaye ulithibitisha, na sijui msomaji gani wa mji huu anayeweza kulisoma kisha akalisahau.

Riwaya iliyoingia ndani zaidi ilitoka kwa mtu wa kwetu. V. Y. Mudimbe alizaliwa Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1941, na alifundisha chuo kikuu hapa Lubumbashi. Le Bel Immonde, aliyoitoa mwaka 1976, inapita Kinshasa wakati wa maasi ya miaka ya 1960. Mhusika wake, Ya, ni mwanamke wa baa; baba yake ameuawa na serikali, na mpenzi wake ni waziri wa serikali hiyohiyo. Watu wa kabila lake wanamtaka ayapeleke kwa waasi yale anayoyasikia kitandani. Hakuna bastola ya siri wala kamera ndogo. Kuna mwanamke anayevutwa huku na huku na damu ya baba, woga, na mtu ambaye pengine anaanza kumpenda. Mudimbe alielewa kwamba upelelezi, katika nchi kama yetu, hufanywa na mtu anayekufahamu, na kwamba anayeufanya huumia pia.

Wanafunzi wa Lubumbashi walilijua hilo kwa miili yao. Baada ya hotuba ya Rais Mobutu ya tarehe 24 Aprili 1990 iliyoruhusu vyama vingi, chuoni wanafunzi walianza kuwafichua wenzao waliokuwa wakitoa habari kwa idara ya usalama, wale tuliowaita mouchards. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei watu wenye silaha waliingia mabwenini. Idadi ya waliouawa inabishaniwa mpaka leo. Ubelgiji ilidai uchunguzi wa kimataifa na uhusiano wake na Mobutu ukaharibika vibaya. Mouchard alikuwa amelala kitanda cha pili, amekopa daftari lako, amekula nawe bukari.

John le Carré, aliyefika Kivu alipokuwa akiandika The Mission Song, ya 2006, alisogea karibu na ukweli huu kuliko watunzi wengi wa nje. Salvo wake, mtoto wa mmisionari wa Ireland na mama Mkongo, ni mkalimani anayeketi chini ya nyumba kisiwani, akiwasikiliza kwa vinasa sauti viongozi wa Kivu wanaopangiwa mapinduzi kwa manufaa ya wenye madini. Kiswahili na lugha za Kivu ndizo silaha yake. Hapo ndipo anayesikia anapokuwa mhusika mkuu, na anapochoka kusikia bila kusema, kisa kinageuka.

Kisha Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi wa 1981, akairudisha kazi hii mitaani kwetu. Katika La Danse du vilain, ya 2020, utawala wa Mobutu unayumba, na Sanza, kijana aliyeikimbia nyumba ya wazazi, analala nje pamoja na watoto wa mitaani. Anakutana na Monsieur Guillaume, mtu mwenye ukarimu wa kutilia shaka, anayeajiri macho na masikio kwa ajili ya idara ya usalama. Malipo ni chakula, nguo, na hisia ya kuwa mtu wa maana. Mujila hatuambii kwamba Sanza ni msaliti wala kwamba ni shujaa. Anatuonyesha bei aliyonunuliwa, na jinsi ilivyokuwa ndogo.