Polis: Dola-mji au Mji-dola?

Anayesoma historia ya Ugiriki ya kale hukutana na neno polis tangu somo la kwanza. Kulitohoa ni taabu: likiongezwa irabu ya mwisho linakuwa polisi, neno lenye wenyewe tayari, ingawa chimbuko lake ni hilohilo la Kigiriki. Kwa hiyo waandishi huunganisha maneno mawili. Wapo wanaosema dola-mji, na wapo wanaosema mji-dola.

Mpangilio huo una uzito wake. Mji-dola hutanguliza majengo, na safari ya Sparta huonyesha upungufu wake. Mgeni aliyesoma habari za jeshi lililotikisa Ugiriki nzima hukuta magofu machache tu katika mashamba ya mizeituni. Mwanahistoria Thucydides alilitabiri hilo katika karne ya 5 KK, kwani Sparta ya wakati wake ilikuwa vijiji vilivyokaa karibukaribu. Hata hivyo ilikuwa polis kamili.

Athens nayo haikuishia penye kuta zake. Mkulima wa Marathon, umbali wa kilomita 40 hivi, alikuwa raia sawa na fundi viatu wa kando ya Agora, soko kuu la mji. Baada ya mageuzi ya kiongozi Cleisthenes ya mwaka 508 KK, vitongoji vyote vya Atika, eneo lote la Athens, vilipeleka wajumbe kwenye Baraza la watu 500. Mwaka 480 KK, Waajemi walipouteketeza mji, wananchi walikuwa wameshahamia visiwani na merikebuni, na polis yao haikufa. Mikataba iliyochongwa kwenye mawe ilitaja Waathene, yaani watu, kama upande wa makubaliano.

Katika jumba la makumbusho la Agora, watu hao huonekana kwa majina. Vimo vigae vilivyokwaruzwa jina la mwanasiasa Themistocles, kura za kumfukuza nchini kwa miaka kumi. Wanawake, watumwa na wageni wakazi hawakupiga kura hizo, na mwalimu hana budi kulieleza hilo pamoja na istilahi yenyewe.

Dola-mji, basi, ndilo lifaalo zaidi, kwa kuwa linaanza na mamlaka ya raia. Wanahistoria huzitaja Kilwa, Mombasa na Pate kwa istilahi hiyohiyo, na msomaji wa pwani anayo njia ya mkato ya kuielewa: mwenyeji, kwa asili, ni mwenye mji.