Hesabu ya Matone

Mbalizi, magharibi ya Mbeya katika barabara kuu iendayo Tunduma, ina hospitali iitwayo Ifisi. Huko, kama popote pale, muuguzi asiye na mashine ya kupimia dripu hana budi kutazama saa na kuhesabu matone. Hesabu yenyewe ni nyepesi: mililita za maji huzidishwa kwa idadi ya matone yafanyayo mililita moja, kisha hugawanywa kwa dakika. Lita moja itakiwayo kuingia kwa saa 8, kwa mrija utoao matone 20 kwa mililita, huwa matone 42 hivi kwa dakika. Kanuni hii hujulikana kwa siku moja. Maana yake ilichukua miaka mingi.

Mwaka wa 1832, kipindupindu kilipoenea Uingereza, Dakta Thomas Latta wa Leith, katika Uskoti, alimtia mama mmoja mzee maji ya chumvi mshipani. Hapakuwa na kipimo cha kufuata. Alimimina kidogo kidogo huku akimwangalia. Kwa nusu saa ziliingia painti 6, yaani lita 3 na zaidi, na yule aliyekuwa kama maiti akapata joto na kusema. Latta akaenda zake. Kuhara na kutapika kukarudi, maji hayakuongezwa, na baada ya saa 5 na nusu mama akafa. Latta mwenyewe aliamini kwamba kama dawa ingalirudiwa, angalipona.

Basi ilionekana kwamba hatari ni uchache wa maji. Hatari ya haraka ilidhihirika Afrika ya Mashariki. Kati ya 2009 na 2011 watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu walichunguzwa Kenya, Uganda na Tanzania, Muheza ikiwa mojawapo ya vituo. Wenye ugonjwa wa kuhara hawakuingizwa. Waliotiwa maji mengi kwa haraka walikufa asilimia 10.5 hivi katika saa 48. Wasiotiwa hivyo, asilimia 7.3.

Mtoto mchanga wa kilo 6 aliyekaushwa na kuhara hupewa mililita 180 kwa saa ya kwanza, kisha 420 kwa saa 5. Kwa mrija ule ule, matone 60 kwa dakika hushuka kuwa 28. Mwenzake mwenye homa aweza kudhurika kwa haraka hiyo hiyo. Kanuni haiwezi kuwatenganisha wawili hawa. Hiyo ni kazi ya muuguzi, naye hana budi kumtazama mgonjwa kabla ya kuitazama saa, na kumrudia tena baadaye.