Frere Town, Watoro na Fidia ya 1889

Frere Town ya Kisauni ilianzishwa na wamisheni wa CMS mwaka 1875. Ilipewa jina la Bartle Frere, aliyetumwa Unguja mwaka 1872 kujadili mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Mkataba huo, hata hivyo, haukugusa utumwa wa mashambani, na wenye mashamba wa Mombasa waliwahesabu watoro waliokimbilia kwa wamisheni kuwa ni mali iliyoibwa. Mwaka 1880 walitishia hata kuushambulia mji huo.

Aliyeutuliza mgogoro hakuwa padri wala liwali, bali mfanyabiashara: George Mackenzie wa kampuni ya IBEAC, iliyokuwa imekabidhiwa utawala wa pwani na Sultani. Kampuni ilihitaji pwani tulivu ili misafara yake ipite kwenda bara. Basi mwanzoni mwa 1889 watoro zaidi ya 1,400, wengi wao wa Rabai, walipewa hati za uhuru, na mabwana wao wakalipwa fidia.

Neno fidia lina uzito wake hapa. Ni malipo ya hasara. Tena ni mali itolewayo kumkomboa mateka. Mwenye shamba alilipokea kwa maana ya kwanza, mtoro kwa ya pili. Kwa miaka aliyolima, mtoro hakulipwa kitu.